Kosa la Kupima Kiingereza kwa Uzito wa Maneno

Imani kwamba ujuzi wa Kiingereza hupimwa kwa wingi wa maneno mazito, yaani maneno adimu na marefu, aghalabu yenye asili ya Kilatini au Kigiriki, ambayo msomaji wa kawaida hulazimika kuyatafuta kwenye kamusi, imekita mizizi katika shule za kaunti za Migori na Homa Bay nchini Kenya, na hata nje ya shule, matangani na katika mikutano ya kisiasa, ambako msemaji anayemwaga Kimombo kisichoeleweka na wengi huhesabiwa kuwa msomi. Imani hiyo ndiyo iliyozaa utaratibu unaojulikana sana darasani: maneno kumi huandikwa ubaoni, maana zake hukaririwa, kisha kila neno hutungiwa sentensi moja kwenye daftari na kutiwa tiki. Utaratibu huo unawapotezea watoto muda walio na uhaba nao, na unafaa kuachwa.

Sentensi moja haithibitishi kwamba neno limejulikana. Kila lugha ina mazoea yake ya maneno kuandamana, na mwanaisimu Mwingereza J. R. Firth alikwisha kusisitiza katika miaka ya 1950 kwamba sehemu ya maana ya neno imo katika maneno linayoandamana nayo. Mwanafunzi aliyekariri kwamba kitenzi "exacerbate" maana yake ni kuzidisha ubaya huweza kukitumia, bila kosa lolote la sarufi, kusema kwamba mvua imeiharibu zaidi barabara ya kwenda Muhuru Bay. Mwalimu mwenye madaftari sitini ya kusahihisha hutia tiki na kupita, ilhali kitenzi hicho huandamana na hali zilizokwisha kuwa mbaya, kama vile maumivu, uhaba au uhasama, wala hakishiki kitu kama barabara. Mazoea ya namna hii hupatikana kwa kulikuta neno mara nyingi katika maandishi mbalimbali, na ndiyo maana riwaya moja iliyosomwa hadi mwisho humfaa mwanafunzi kuliko orodha za muhula mzima.

Takwimu nazo haziungi mkono imani hiyo. Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno takriban 2,000 yanayotumika zaidi katika Kiingereza, na ilibainika kwamba hayo peke yake hubeba karibu asilimia 80 ya maandishi ya kawaida. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alitoa orodha ya familia 570 za maneno, familia ikiwa ni neno pamoja na minyambuliko yake, ambazo hubeba takriban asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma. Hayo ni maneno ya kuchambua, kulinganisha na kutoa ushahidi, yanayohitajika kila siku katika vitabu vya Biolojia na Historia, na hayana mbwembwe yoyote. Mtoto aliyeanza kusoma kwa Kijaluo au Kikuria, kisha akavushwa hadi Kiingereza katika darasa la nne, anayadai maneno hayo kwanza, na kumpa yaliyo adimu kabla hajayapata ni kumdhulumu.

Mtihani wenyewe haudai kinyume cha hayo. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, ina kifungu chenye mapengo kumi, na majibu yake aghalabu ni maneno madogo: vihusishi, viunganishi na vitenzi vya kila siku. Insha ya kubuni katika karatasi ya tatu hutuzwa alama 20, na swali la kwanza la mtahini ni iwapo mwandishi ameeleweka. Anayeeleweka kwa shida hubaki kati ya alama 6 na 10, hata akiwa ameimaliza kamusi.

Watetezi wa desturi hii husema kwamba Wajaluo ni watu wa ufasaha, na hoja hiyo inastahili jibu la heshima. Pakruok, sanaa ya kujisifu kwa mafumbo mbele ya hadhira, mara nyingi kwa mlio wa nyatiti, ni ushahidi wa ufasaha huo. Lakini fumbo la pakruok hupata sifa pale hadhira inapolidaka na kushangilia papo hapo. Mwanasiasa Tom Mboya, ambaye asili yake ni Kisiwa cha Rusinga na ambaye alizikwa huko mwaka 1969, alisoma Ruskin College, Oxford, lakini kitabu chake Freedom and After cha mwaka 1963 kimeandikwa kwa Kiingereza kilichonyooka, kinachomwachia msomaji nafasi ya kukubali au kupinga. Kimombo kizito hufuta nafasi hiyo: mzee anayehudhuria baraza hawezi kumhoji kiongozi asiyemwelewa, na heshima anayopewa kiongozi huyo humkinga dhidi ya maswali anayostahili kuulizwa.

Msamiati wa kiwango cha juu, kwa maana yake halisi, ni ule unaotaja kitu kwa usahihi. Huko Nyatike, Migori, kando ya machimbo ya Macalder, wachimbaji wadogo husaga mawe yenye dhahabu, huosha unga wake kwenye mbao za mteremko, huukanda kwa zebaki ili dhahabu ishikamane nayo kuwa donge, kisha hulichoma donge hilo hadi zebaki igeuke mvuke, mvuke ambao huharibu mishipa ya fahamu na figo. Kuzieleza hatua hizo kwa Kiingereza kunahitaji maneno machache ya lazima, ya mwamba wenye madini, ya mvuke, ya sumu inayojilimbikiza mwilini. Mwanafunzi wa huko akipewa kazi ya kuziandika katika aya tatu, na karatasi yake ikasomwa na mwenzake wa Mbita, Homa Bay, anayemrudishia maswali pale asipoelewa, atajifunza maneno hayo kwa sababu anayahitaji, bila kununuliwa kitabu chochote kipya. Wa Mbita naye ataandika jinsi samaki wadogo waitwao omena wanavyovuliwa kwa taa usiku wa giza na kuanikwa juu ya nyavu ufuoni, na wa Nyatike ndiye atakayeuliza.