Ajali Isiyo na Majeruhi

Mchezo wa video wa Burnout 3: Takedown, uliotengenezwa na kampuni ya Criterion ya Uingereza mwaka 2004, unasisimua kwelikweli. Mchezaji hutuzwa kwa kuendesha upande wa magari yajayo, kuponea chupuchupu na kuwasukuma wapinzani hadi wapate ajali. Yeye mwenyewe akigonga, mara gari lake hurudi barabarani likiwa zima.

Hatuoni sababu ya kuupiga marufuku. Hata hivyo, hauonyeshi majeruhi hata mmoja, ilhali Shirika la Afya Duniani hutaja ajali za barabarani kuwa chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Mzazi, keti na mwanao anapocheza, umweleze yale yasiyoonyeshwa: damu, mfupa uliovunjika, miezi ya mazoezi ya viungo.