Aliyesubiri Hadi Namba 210
Kila msimu wa uteuzi wa makinda wa ligi ya NHL, ambapo klabu huchagua vijana kwa zamu, unapokaribia, mashabiki wa hoki ya barafuni Marekani na Kanada hukabana koo: nani namba moja, nani kapendelewa? Nasema orodha za kuwapanga vijana hao zimepewa uzito kupita kiasi, na ushahidi wangu ni mwaka 1999. Atlanta Thrashers, wenye nafasi ya kwanza kuchagua, walimchukua Patrik Stefan. Hakuwahi kuwa nyota. Henrik Zetterberg wa Uswidi alisubiri hadi nafasi ya 210, akaenda Detroit Red Wings. Skauti wao, Håkan Andersson, alikuwa Ufini kumtazama kijana mwingine, Mattias Weinhandl, macho yakanaswa na Zetterberg, mdogo wa umbo aliyeng'ang'ania kile kisahani cheusi kwenye gongo lake. Mwaka 2008 Detroit walitwaa Kombe la Stanley, taji la NHL, naye Zetterberg akawa mchezaji bora wa hatua ya mtoano. Waandishi wanaojaza kurasa kwa majina kumi ya juu wanawanyima haki walio chini, na wanamtwisha kijana wa miaka 18 mzigo wa klabu nzima. Tuelezeni skauti aliona nini, katika mechi gani, dhidi ya nani.