Nani Atampumzisha Mlezi?



Juma hili safu yetu inapanda bara hadi Machakos, ambako wengi wetu tuna wakwe na mashemeji. Suala lenyewe ni la mama mwenye mtoto asiyeweza kuketi, kula wala kujisafisha bila kushikwa. Ni nani atakayempokea mtoto huyo kwa muda, ili mama naye apate kulala, kwenda zahanati, au kukaa na wanawe wengine?

Zamani jawabu lilikuwa nyumbani. Bibi alikuwapo, shangazi alikuwapo, na jirani hakuhitaji kuombwa mara mbili. Leo baba huondoka alfajiri kwenda viwandani Athi River au Nairobi, shangazi ana kibarua chake, na bibi hana tena nguvu za kumwinua kijana wa miaka kumi na miwili. Anayebaki ni binti mkubwa, naye hukosa darasa kila mama anapougua. Wageni huja, wakamhimiza mama asubiri kwani ana ajri kubwa, kisha wakanywa chai wakaenda zao. Ajri ipo, hatuna shaka. Lakini mgongo nao una haki yake.

Serikali yenyewe imekwisha kulikiri jambo hili. Mpango wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, yaani anayehitaji kuangaliwa wakati wote. Basi dola imeandika kwa kalamu yake kwamba katika nyumba hiyo yumo mtu asiyepumzika, na haikumpa hata saa moja ya kupumzika. Fedha hizo hununua nepi na unga, haziajiri mtu. Shule maalumu, kama ile ya Masaku ya watoto wenye ulemavu wa viungo, zinafanya kazi ya kushukuriwa, ila shule hufunga wakati wa likizo, na wako watoto ambao hali yao haiwaruhusu kufika shuleni kabisa.

Hapa ndipo kaunti inapoingia. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi serikali za kaunti vituo vya kulelea watoto, pamoja na elimu ya chekechea. Wengi hukisoma kipengele hicho wakiwafikiria watoto wa akina mama wa sokoni tu, ilhali hakuna neno linalomtoa mtoto mwenye ulemavu. Anayelidai hili mbele ya kaunti ya Machakos, au ya Mombasa, Kwale na Lamu, haombi hisani.

Uingereza wana kanuni, iliyoanza Aprili 2011, inayozitaka halmashauri za mitaa kuwapa walezi wa watoto wenye ulemavu nafasi za kupumzika kadiri iwezekanavyo: mchana, usiku, mwisho wa juma na wakati wa likizo za shule. Halmashauri si lazima iendeshe huduma yenyewe. Yaweza kuiagiza kwa mkataba kutoka kwa jumuiya au taasisi, ikalipa na kukagua. Hatuna utajiri wao, lakini mkataba hauhitaji utajiri huo.

Kwa maoni yetu, lisiombwe jengo. Jengo huzinduliwa kwa utepe na hotuba, kisha likakosa wafanyakazi. Na kaunti yenye kaunti ndogo nane haiwezi kumtaka mama wa Masinga apande matatu na mtoto asiyeketi hadi Machakos mjini. Liombwe jambo dogo zaidi: mwanamke aliyefunzwa, ajuaye kumlisha mtoto asipaliwe, kumlaza ubavu anaposhikwa na kifafa, na kumbadilisha nguo kwa staha, aje nyumbani asubuhi moja kila juma. Kikundi cha akina mama, msikiti au kanisa laweza kuwa na mkataba huo, na malipo yatoke kwa saa zilizotimizwa, mama akitia sahihi yake.

La aminifu ndilo zito kuliko fedha. Mama anayekataa kumwachia mgeni mwanawe, hasa binti asiyeweza kusimulia yaliyomfika, si mkaidi. Kwa hiyo mkataba uweke wazi kwamba mlezi ataleta hati ya tabia njema kutoka polisi. Kwamba siku za mwanzo atafanya kazi mama akiwapo. Kwamba hatabadilishwa kila mwezi. Kwamba mabinti watahudumiwa na wanawake tu. Na kwamba mkaguzi atafika bila kutoa taarifa. Pasipo haya, huduma itakuwapo kwenye karatasi na hakuna mlango utakaofunguliwa.

Wakati nao una hesabu yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30, nayo huidhinishwa kabla ya Juni 30. Akija mtu Julai, fedha zimekwisha kugawanywa. Familia tano au sita za wadi moja zikikutana, zaweza kuandika waraka wa ukurasa mmoja: watoto wangapi, umri wao, saa ngapi kwa juma, na gharama yake. Nakala moja apewe mwakilishi wadi, nyingine karani wa bunge, nyingine isomwe kwenye kikao cha maoni ya umma. Na asitokee mtu akawaambia kwamba lazima uwe wa Kiingereza. Ibara ya 7 ya Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi.