Wenzetu Katika Safari ni Nani?

Iko desturi moja katika maandishi ya wasomi wetu ambayo imezoeleka mno hata haionekani tena kuwa ni dhuluma. Kikundi cha waalimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu husafiri kwenda nchi ya milima na mabonde kutafuta habari za lugha, za mila au za ardhi. Nao wakisha kurudi huandika kwamba walikuwa watu 5. Lakini ukiwahesabu waliokuwamo garini utapata 7, na ukiwahesabu waliojiunga nao njiani utapata 10 au zaidi. Wale 5 ni wenye shahada, au wanaozitafuta. Waliosalia ni dereva, mkalimani, kiongozi wa njia, mpishi na kijana aliyejitwika vyombo kupanda mlima. Hao hawakuhesabiwa. Nasema kwamba desturi hii ni uonevu, na zaidi ya kuwa uonevu ni kosa la elimu. Jarida lolote la Chuo Kikuu linalopokea taarifa ya namna hiyo bila ya kuuliza neno linashiriki katika kosa lenyewe.

Nitaushika mfano wa Kamsamba, maana ni mahali ambapo wasomi hupenda kupaita pa mbali. Kamsamba ni kata ya Wilaya ya Momba katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Mtu atokaye Tunduma, mji wa mpakani ambapo barabara kuu na reli ya TAZARA huingia Zambia, au atokaye Mlowo katika uwanda wa kahawa wa Mbozi, huiacha nchi ya baridi akateremka mpaka joto la bonde la Rukwa. Huko hulimwa mpunga na ufuta. Mto Momba hupita hapo ukielekea Ziwa Rukwa. Ng'ambo yake ni Kilyamatundu, katika Mkoa wa Rukwa, na upande wa Ufipa umesimama ukuta wa milima uitwao Lyamba lya Mfipa. Wenyeji wa sehemu hiyo ya bonde ni Wawanda, na majirani zao ni Wanyiha, Wanyamwanga na Wafipa. Siku hizi daraja limeiunganisha mikoa hii miwili mtoni Momba, lakini mvua zikinyesha barabara za udongo hazina huruma kwa mgeni wala kwa mwenyeji.

Sasa tulitazame neno hili, mbali. Kamsamba ni mbali na wapi? Ni mbali na Dar es Salaam. Kwa mkulima aliyezaliwa hapo, Kamsamba ndipo karibu kuliko pote, na kilicho mbali ni Chuo Kikuu. Mwandishi anapofungua taarifa yake kwa kueleza matope, makorongo na mteremko mkali, akajisifu kwamba alifika, hutengeneza ushujaa kutokana na njia ambayo mama mwenye gunia la mpunga huipita kila anapokwenda kuuza. Tena gari lililomfikisha halikuendeshwa naye. Aliyejua korongo lipi lavukika na lipi litazame kwanza kwa miguu ni dereva. Na dereva, katika taarifa hiyo, amegeuka kuwa sehemu ya gari.

Desturi hii haikuanza nasi. Ina historia katika milima hiyo hiyo, na historia hiyo ingalitutosha kuwa onyo. Mwaka 1879 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilipeleka msafara kutoka Dar es Salaam kwenda katika maziwa ya ndani. Kiongozi wake, Keith Johnston, alikufa njiani Behobeho mwezi wa Juni mwaka huo. Uongozi ukamwangukia Joseph Thomson, kijana wa Uskoti aliyezaliwa mwaka 1858, ambaye hakuwa amesafiri Afrika kabla ya hapo. Msafara uliendelea. Ulifika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, ukakata nchi hadi ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, na mwaka 1880, katika kurudi kwa njia ya Ufipa, Thomson aliliona Ziwa Rukwa. Akalipa jina la Leopold, mtu ambaye hakupata kuliona.

Basi ni nani aliyeuongoza msafara huo? Msimamizi wake alikuwa James Chuma, Myao, mmoja wa wale waliouchukua mwili wa David Livingstone kutoka kwa Chitambo mwaka 1873 wakaufikisha Bagamoyo mwaka 1874. Chuma alikuwa amekwisha kutembea bara kwa miaka mingi Thomson alipokuwa mtoto wa shule. Yeye ndiye aliyejua kuandika wapagazi, kugawa mizigo, kusema na watawala, kutuliza ugomvi na kuhesabu siku za chakula. Thomson mwenyewe, ni haki kusema, alimsifu katika kitabu alichokitoa mwaka 1881. Lakini sifa haikuwa ushirika. Chuma alikufa Unguja mwaka 1882, na vizazi vya watoto wa shule vilifundishwa kwamba nchi hii ilipitwa na Thomson, kana kwamba Thomson alipita peke yake. Na Chuma ana bahati, maana jina lake lipo. Wapagazi zaidi ya 100 waliotembea nyuma yake wamebaki kuwa hesabu ya mizigo.

Tunapenda kuwalaumu wazungu wa karne ile, na lawama ni haki yao. Lakini yafaa tuitazame mikono yetu. Tumebadili safari ya miguu kwa gari na daftari kwa kompyuta, hatujabadili hesabu. Msomi wa leo aendaye Momba humtaja mkalimani wake kwa maneno machache mwishoni, akiwa na bahati, pamoja na wengine wote ambao hawawezi kutajwa mmoja mmoja. Kwa nini hawawezi? Wafadhili wametajwa mmoja mmoja. Ofisi iliyotoa kibali imetajwa. Profesa aliyesoma rasimu kwa jioni moja ametajwa kwa cheo chake na jina lake kamili. Nafasi haikukosekana, kilichokosekana ni nia.

Hali kama hiyo yaonekana hata katika jina ambalo kila mtu wa Dar es Salaam hulitamka. Kariakoo ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, vita ambavyo katika Novemba 1918 vilifika hata Fife, karibu na Tunduma ya leo. Waliobeba vita hivyo mabegani walipewa soko. Ni kumbukumbu, naam. Lakini ni ya kundi. Mpagazi mmoja mmoja hana pake hapo.

Wala Kiswahili hakikosi mfano mwema. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha kitabu cha Safari za Wasuaheli, na ndani yake mna habari ya Salim bin Abakari, mtu wa Ngazija, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani mpaka Urusi na Siberia mwaka 1896. Hapa aliyekwenda kama mtumishi ndiye mwenye kusimulia. Ndiye anayetazama, anayepima, anayestaajabu na anayehukumu. Msomaji akisha kusoma habari hiyo hawezi tena kuamini kwamba katika msafara mwenye macho ni mmoja tu, naye ni yule mwenye fedha. Fasihi yetu ya safari ilikuwa na somo hili kabla ya vyuo vikuu kujengwa katika nchi zetu. Imekuwaje sisi warithi wake tukaandika kinyume?

Nimesema kwamba kosa hili ni la elimu pia, na inanipasa kulithibitisha. Tuchukue kazi ya kila siku. Mzee wa Kamsamba anasimulia habari za ukoo wake kwa lugha ya Wawanda. Kijana wa kijiji, aliyesoma sekondari, anayageuza maneno yake kuwa Kiswahili. Msomi anayasikia kwa Kiswahili, anayaandika, kisha anayapeleka katika Kiingereza na kutia sahihi yake. Mzee alitaja jamaa fulani. Kijana akasema ndugu. Neno ndugu kwa Kiswahili laweza kuwa mtu wa tumbo moja, laweza kuwa binamu, laweza kuwa mtu yeyote wa ukoo, au raia mwenzio tu. Msomi akaandika mtu wa tumbo moja. Kuanzia hapo mti wa ukoo umepinda, na nadharia ya urithi iliyojengwa juu yake imepinda pamoja nao. Miaka 20 baadaye mtafiti mwingine ataka kujua kosa liliingia wapi. Amwulize nani? Kijana hana jina katika kitabu. Akili tatu zilifanya kazi, na akili moja ndiyo iliyotia sahihi. Mlango wa kusahihisha umefungwa na ufunguo umetupwa.

Kiongozi wa njia naye si mguu mtupu. Yeye huchagua kijiji cha kwanza na mzee wa kwanza. Akiwa na uhusiano na ukoo mmoja, habari zote zitakuwa na harufu ya ukoo huo. Hilo si dhambi yake, maana kila binadamu ana kwao. Dhambi ni ya mwandishi aliyemficha, akatuuzia habari za ukoo mmoja kwa jina la kabila zima. Elimu inayoficha njia iliyopitia haiwezi kupimwa, na elimu isiyoweza kupimwa ni uvumi uliovaa joho.

Nazijua hoja za wapinzani, nami nitazijibu kwa kadiri ya uzito wake.

Wa kwanza watasema kwamba watu hao walilipwa. Kweli walilipwa, nyakati nyingine. Lakini msomi naye analipwa mshahara, na juu ya mshahara huchukua posho ya kila usiku anaolala nje. Ikiwa malipo hufuta jina, basi jina la kwanza la kufutwa ni lake, kwa maana ndiye aliyelipwa zaidi.

Wa pili watasema kwamba kuna kazi ya akili na kazi ya mikono, na kwamba kitabu ni tunda la akili. Nimekwisha kuonyesha kwamba mkalimani na kiongozi hufanya kazi ya akili. Na hata mpishi na mpagazi, ambao kazi yao ni ya mikono, ni mashahidi wa safari. Usiku, wasomi wanapojifungia kulinganisha maandishi yao, mpishi ndiye aketiye na wanawake wa kijiji akisikia jinsi mazungumzo ya mchana yalivyochekwa. Mara nyingi kicheko hicho ndicho ukweli uliotafutwa.

Wa tatu wana hoja yenye uzito. Husema kwamba kumtaja mtu wa kijijini kwa jina kwaweza kumtia mashakani, iwapo habari zilizosemwa zinagusa mashamba, uchawi au siasa. Nakubali. Dawa yake ni kumwuliza. Mtu mzima akisema asitajwe, asitajwe, na taarifa iseme kwamba yupo mtu aliyeomba hivyo, na kazi aliyoifanya ilikuwa hii. Kumficha mtu kwa ombi lake ni heshima. Kumficha bila ya kumwuliza, kwa sababu haikukupitia moyoni kwamba ana jina, ni dharau, na dharau haigeuki kuwa maadili kwa kuvikwa vazi la usiri.

Sitaki kumaliza kwa lawama bila ya shauri. Nawataka wahariri wa majarida yetu na viongozi wa idara zetu waweke kanuni 3. Kwanza, kila taarifa ya safari ianze kwa orodha ya wasafiri wote waliokubali kutajwa, na kazi ya kila mmoja, bila ya kutenga wenye shahada na wasio nazo. Pili, pale ambapo maneno ya wenyeji yamepita katika kinywa cha mkalimani, mkalimani awe mwandishi mwenza, asome rasimu kabla ya kuchapwa, na awe na haki ya kusema, "Hapa sivyo." Tatu, kila kazi iliyotokana na safari iandikwe pia kwa Kiswahili, hata ikiwa kwa ufupi, irudishwe mahali ilikotoka na kusomwa hadharani mbele ya waliotajwa ndani yake. Ikiwa msomi aweza kusimama mbele ya wageni katika mkutano wa London akaieleza Kamsamba, hana udhuru wa kushindwa kusimama Kamsamba.

Kanuni hizi zitachelewesha kazi. Watu wengine wataona haya wanaposahihishwa na kijana waliyemwita msaidizi. Vitabu vingine vitapungua kurasa kwa kuwa mambo yaliyosemwa ndani yake hayatasimama mbele ya wenyewe. Hasara hizo zote nazipokea kwa moyo mmoja.

Ziwa lile halikudumu na jina la Leopold. Ramani zililirudia jina la Rukwa, ambalo watu wa pwani zake walikuwa nalo siku zote. Iliwezekana kwa sababu ziwa halihami, na waliolijua walikuwa wengi. Mkalimani ni mtu mmoja, naye huhama, husahau, hufa. Tusipoandika jina lake katika mwaka aliofanya kazi nasi, hapatakuwa na ramani ya kulirudisha.