Mwanachuoni na Hesabu Yake

Kijana mmoja wa ukoo wetu, asomeshaye elimu ya nyota katika chuo kikuu, alinijia barazani baada ya magharibi na karatasi mkononi. "Ami," akanambia, "wamenihesabu." Nilidhani ni mzaha. Kumbe ameomba kupandishwa cheo, na wakubwa wake wamekwisha kumjumlisha: makala kadha, kutajwa na wenziwe mara kadha, na chini kabisa tarakimu moja iliyopigiwa mstari, nayo ni 6.

Tarakimu hiyo ina asili yake. Mwaka 1964 Eugene Garfield wa Marekani alianza kutoa fahirisi ya kuonyesha nani kamtaja nani katika maandishi ya sayansi. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akaifupisha hesabu nzima: mwenye makala 6 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 6, basi yeye ni 6. Umri wa mtu na kukesha kwake vimeingia katika kidole na nusu cha karatasi!

Sisi tuliokaa juu ya mikeka ya chuoni, kutajana huku hatukuoni kugeni. Isnadi ni nini ila kumtaja uliyepokea kwake? Lakini maulamaa wa hadithi hawakuridhika na kuhesabu wapokezi. Waliuliza juu ya kila mmoja: aliishi lini, alikutana na nani, hifadhi yake ikoje, aliwahi kujulikana kwa uongo? Wingi nao waliupa daraja yake, ndiyo mutawatiri. Ila waongo mia hawakumfanya hata mmoja wao kuwa mkweli. Fahirisi haiulizi hayo. Anayekutaja ili akupinge, anayekutaja kwa kuwa ni sahibuyo, na yule ambaye hakukusoma kabisa, wote kwake ni moja moja.

Nikamtajia Andromeda, ile galaksi kubwa iliyo jirani na yetu. Mwaka 964 Abdurrahman as-Sufi, aliyefanya kazi Isfahan, aliandika kitabu chake cha nyota zisizohama, na humo akaitia alama ya kiwingu kidogo mbele ya kinywa cha samaki ambaye Waarabu humchora kwa nyota. Hiyo ndiyo habari yake ya kale kabisa tuliyo nayo kwa maandishi. Na katika dibaji aliwalaumu wale waliotegemea vitabu vya wenziwe bila ya kutazama mbingu wenyewe. Ulugh Beg wa Samarkand alimtegemea mwaka 1437. Ulaya, kwa muda mrefu, sifa ya kiwingu kile alipewa Simon Marius, aliyekitazama kwa darubini mwaka 1612.

Mwaka 1939 kijana wa Kimarekani, Horace Babcock, alipima mzunguko wa galaksi hiyo hiyo, akaona sehemu zake za nje zinakwenda mbio kuliko ilivyodhaniwa. Makala yake haikupokewa vizuri. Akaliacha somo, akaenda kuchunguza Jua, na huko akapata jina. Laiti angepimwa kwa makala ile peke yake, angekuwa si kitu.

Ikapita miaka 31. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford, kwa chombo cha kuchambua mwanga alichokiunda Ford, walipima mawingu 67 ya gesi katika Andromeda. Mbio hazikupungua kwa kadiri ya umbali kama ilivyotarajiwa. Walipoendelea na galaksi nyingine, mwaka 1980 wakatoa matokeo ya galaksi 21, na wengi wakakubali kwamba iko maada isiyoonekana inayozishika nyota hizo. Na bibi huyu aliichagua kazi hiyo kwa kukimbia mashindano! Wenziwe walikuwa wakigombania kwasa. Yeye akatafuta jambo ambalo hapana aliyelishughulikia. Alikuwa akisema kwamba vipimo vyake ni bora kwake kuliko jina lake. Alifariki mwaka 2016 bila ya Tuzo ya Nobel.

Sisemi hesabu itupwe. Kamati isiyo na hesabu hurudi kwenye ujamaa na kujuana, na machungu ya hayo twayajua. Nasema wakae wasome. Makala tatu za kijana huyu, kwa watu watatu wenye elimu hiyo, ni kazi ya siku mbili; wasipoziweza wawapelekee wanaoziweza, na jibu lije kwa maneno, si kwa tarakimu.

Kijana aliniuliza iwapo kiwingu cha as-Sufi chaonekana kwetu. Chaonekana. Mwezi wa Novemba, usiku usio na mbalamwezi, mbali na taa za mjini, utazame kaskazini kiasi cha saa tatu. Tumeagana twende pamoja. Amesema karatasi ataiacha nyumbani.