MKAGUZI ANAPOAMBIWA NYAMAZA, NDEGE HAIFIKI

Kijana msomaji wetu, kama unaendesha bodaboda au unashinda gereji, kebo ya klachi unaijua vizuri. Haikatiki kwa mara moja. Huanza uzi mmoja, tena ndani ya ganda, pale inapopinda. Kesho wa pili, keshokutwa wa tatu. Pikipiki bado inakwenda na abiria analipa kama kawaida. Siku inapokatika, uko katikati ya barabara na lori liko nyuma yako.

Ndege nazo zina kebo. Ndege nyingi ndogo huongozwa kwa kebo za chuma zinazopita chini ya sakafu na kuzunguka kwenye puli hadi mkiani. Aina moja inayotumika sana imesukwa kwa nyuzi 133, yaani vijikamba 7, kila kimoja kikiwa na nyuzi 19. Maisha ya waliomo ndani yananing'inia hapo.

Sasa sikiliza jinsi kebo hiyo inavyokaguliwa. Mkaguzi wa kweli hatupi jicho akaondoka. Anapitisha kitambaa juu ya kebo, na kikinasa anajua kuna uzi uliokatika. Anasukuma usukani hadi mwisho, huku na huku, ili sehemu iliyojificha kwenye puli itoke hadharani. Halafu anailegeza na kuikunja, maana kebo ikiwa imekazwa, uzi uliokatika hulala mahali pake kama mzima. Wenye macho ya haraka wataapa kwamba kila kitu ni shwari.

Umeelewa, ndugu yetu? Kebo mbovu inapovutwa ndipo inapoonekana nzima.

Tuje kwenye msiba. Tarehe 8 Januari 2003, ndege ya kampuni ya Air Midwest, aina ya Beechcraft 1900D, iliruka kutoka Charlotte, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani. Ilikuwa na abiria 19 na marubani 2. Ilinyanyua pua kupita kiasi, rubani akasukuma usukani ili aishushe, pua haikushuka. Haikufika hata dakika moja hewani, ikaanguka kwenye karakana ya ndege palepale uwanjani. Wote 21 walikufa.

Kebo haikuwa imechakaa. Ilikuwa imerekebishwa vibaya siku mbili kabla, usiku, katika karakana ya Huntington, West Virginia. Fundi aliyeishika alikuwa hajawahi kufanya kazi hiyo kwenye ndege ya aina ile. Hatua 9 za kitabu cha matengenezo zilirukwa. Na nani alikuwa mkaguzi wa kazi yake? Yule yule aliyekuwa akimfundisha, aliyekubali hatua zirukwe, ndiye aliyetia saini kwamba kazi ni safi!

Aliyeruhusu njia ya mkato akajikagua mwenyewe, akajipa maksi zote.

Na zabuni? Kampuni ya ndege iliipa kazi kampuni nyingine, na hiyo nayo ikakodi mafundi kutoka kampuni ya tatu. Kazi ikapita mikono mitatu, na wajibu ukapotelea njiani. Serikali iliyopaswa kuwasimamia wote hao nayo ililaumiwa na wachunguzi kwa usimamizi hafifu.

Lakini zingatia jambo moja zaidi. Baada ya matengenezo yale mabovu, ndege ile iliruka safari 9 na kutua salama. Kama ungeuliza baada ya safari ya tisa, ungejibiwa: "Mbona inaruka? Acheni uchochezi!" Safari ya kumi ilikuja na mzigo mzito uliolalia nyuma. Hapo ndipo usukani uliobaki na nusu ya nguvu zake uliposhindwa.

Jibu hilo la "mbona inaruka" tunalijua. Tumelishwa miaka yote na chama tawala. Ukisema nchi ina nyuzi zilizokatika unaonyeshwa amani na utulivu. Sisi hatuchukii amani. Tunachosema ni kwamba safari tisa za salama si cheti cha kebo.

Tazama walivyomfanya mkaguzi wetu. Profesa Mussa Assad, akiwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, alitamka kwamba Bunge lina udhaifu. Badala ya kupitisha kitambaa kwenye kebo, Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya naye kazi. Novemba mwaka huo huo akateuliwa mwingine. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kwake kulikwenda kinyume na Katiba. Ukweli ulikuja, lakini ndege ilikuwa imesharuka!

Tazama pia tume ya uchaguzi. Mwenyekiti wake anateuliwa na Rais, na Rais huyo anaruhusiwa kuwa mgombea. Hapo fundi na mkaguzi wanakula sahani moja. Hata kama mwenyekiti ni malaika, utaratibu huo ni ule ule wa Huntington.

Msimamo wetu ni huu. Kwanza, anayekaguliwa asimteue wala asimfukuze mkaguzi wake. Pili, taarifa ya ukaguzi ikitaja uozo, mtu awajibike kwa jina, siyo faili kuhamishwa meza. Tatu, kila zabuni ijulikane nani hasa anaifanya kazi na nani anaijibia ikiharibika.

Na wewe kijana usikae kijiweni ukisubiri vigogo. Ukiwa fundi, usitie saini kazi ambayo hukuikagua, hata bosi akikupa kitu kidogo. Ukiwa wakala kituoni, usiondoke bila fomu ya matokeo mkononi. Ukiwa mtaani, hudhuria mkutano wa mtaa, udai kusomewa mapato na matumizi. Hicho ndicho kitambaa chako, nawe kipitishe bila woga.

Mwaka 2005, kampuni ile ya Marekani iliomba radhi hadharani mbele ya familia za waliokufa. Familia hizo ziliidai radhi hiyo mpaka zikaipata. Ni jambo la heshima, na hapa kwetu ni adimu. Ila radhi haikumrudisha hata mmoja wa wale 21.

Sisi hatutaki kuombwa radhi makaburini. Tunataka kebo ikaguliwe ndege ikiwa bado chini.