Teke la Bunduki Halimkomazi Mtoto

Septemba iliyopita shemeji yangu alirudi nyumbani na boksi refu, akaliweka juu ya meza ya chakula na kumwita binti yake. Mpwa wangu ana miaka 12 na hajafika kilo 40. Ndani ya boksi mlikuwa na bunduki mpya ya .300 Winchester Magnum, aina ya risasi iliyoingia sokoni mwaka 1963 kwa ajili ya wanyama wakubwa wanaopigwa kutoka mbali. Binti aliinyanyua kwa mikono miwili kama mtu anayehamisha ngazi. Nikamuuliza baba yake, "Shemeji, hii ya nani?" Akanijibu kwa fahari, "Ya mtoto. Atakua nayo."

Neno hilo nimelelewa nalo. Kwetu Tabora sare ya shule ilinunuliwa kubwa kwa makusudi. Mikono ya shati ikakunjwa mara tatu, sketi ya dada ikabanwa kwa pini, na mama akasema mtakua nazo. Hakuna aliyeumia. Shati pana halimpigi mtoto begani. Bunduki inampiga.

Imani ninayoipinga hapa si ya shemeji peke yake. Tunaishi Wisconsin, kaskazini ya Marekani, ambako kila Novemba, Jumamosi kabla ya Sikukuu ya Shukrani, hufunguliwa msimu wa siku 9 wa kuwinda kulungu kwa bunduki, na misitu ikajaa watu waliovaa rangi ya chungwa inayong'aa. Mtoto kwenda porini na mzazi wake ni mila ya huku, na nyama inayopatikana hujaza friza mpaka majira ya kuchipua. Imani yenyewe nimeisikia kwenye kaunta za maduka, kwenye viwanja vya shabaha, na kwa wenzetu waliohamia huku kutoka Kigoma na Bukavu wakajifunza kuwinda ukubwani. Wanasema: mtoto bado halengi vizuri, kwa hiyo apewe risasi kubwa, ili hata akikosea kidogo mnyama aanguke. Na ikimpiga begani, basi itamkomaza.

Nasema imani hiyo inajeruhi pande zote mbili za mtutu.

Nianze na upande wa mnyama, kwa sababu yeye hana wa kumsemea. Kulungu wa huku, yule mwenye mkia mweupe, si nyati. Sehemu ya kumlenga, nyuma kidogo ya bega, ambako moyo na mapafu hukaa, ina upana wa sahani ya wali. Risasi ya .243 Winchester, yenye gramu 6 na nusu, ikipita katikati ya sahani hiyo, mnyama atakimbia kidogo na kuanguka. Risasi ya .300 ina uzito unaokaribia mara mbili ya hiyo. Ikipita tumboni, kulungu ataondoka akiwa hai, atajilaza kichakani akiteseka kwa saa nyingi, na kesho yake utafuata matone ya damu kwenye majani makavu ukiomba Mungu mvua isinyeshe. Tofauti ya kipenyo kati ya risasi hizo mbili ni kama milimita moja na nusu. Mtoto aliyekosea kwa sentimita 20 hawezi kuokolewa na milimita moja na nusu.

Na hizo sentimita 20 zinatoka wapi? Mara nyingi zinatoka kwenye bunduki ileile iliyonunuliwa ili kuzifidia.

Nilikuwepo siku ya kwanza ya kuijaribu. Kitako kilikuwa kirefu mno kwake, kwa hiyo ili aone kupitia darubini ilimbidi asogeze kichwa mbele na kuirefusha shingo. Alipofyatua, bunduki ilirudi nyuma, na ukingo wa darubini ukampasua nyusi. Damu ilishuka hadi kwenye kola. Tukamfuta, tukamfunga plasta, na baba yake akamwambia jambo ambalo kina baba wengi wangelisema: pole mama, piga nyingine, utazoea. Akapiga nyingine, na nyingine. Matundu kwenye karatasi yalizidi kushuka chini ya alama. Baba akadhani darubini imelegea.

Nikamwomba shemeji aniachie niijaze mimi. Safari ile nilifunga chemba bila kuweka risasi, mtoto asijue. Akalenga. Kabla kidole hakijamaliza kuvuta, macho yakafumba, bega likajikunja, na mtutu ukatumbukia chini. Kifyatulio kikalia tiki. Hapakuwa na mlipuko wala moshi. Hofu peke yake ndiyo iliyousukuma mtutu, nasi sote watatu tuliiona.

Mwili haukomai kwa teke la bunduki kama kisigino kinavyokomaa kwa kutembea peku. Mwili hujifunza kulikimbia. Ukimpiga mtoto begani mara 10, kila mara sekunde ileile anapovuta kidole, mara ya 11 mwili utajikunyata wenyewe kabla ya kidole, na hakuna maneno ya kumtia moyo yatakayouzuia. Watu wazima wenye vifua vipana wanapatwa na jambo hilohilo, ila wao wanajua kulificha. Kuna wanaonijibu kwamba porini, mbele ya mnyama, mtu hasikii teke. Ni kweli, hata mimi silisikii. Lakini mkunyato huja kabla ya mlio, na ulishafundishwa uwanjani. Kutosikia maumivu hakuurudishi mtutu mahali pake.

Hesabu yake si ngumu. Risasi na gesi ya baruti zikienda mbele, bunduki hurudi nyuma. Kadiri risasi ilivyo nzito na baruti ilivyo nyingi, teke linakuwa kali. Kadiri bunduki ilivyo nzito, teke linapoa. Bunduki ya .243 yenye uzito wa kawaida humrudishia mpigaji nguvu ya takribani jouli 12. Ya 7mm-08 Remington hufika kama 17, na ya .30-06, ile ya jeshi la Marekani ya mwaka 1906 ambayo huku ndiyo bunduki ya kila babu, hufika kama 27. Ile ya shemeji ilikuwa kwenye 35. Binti wa kilo 38 alikuwa anapokea karibu mara tatu ya kile ambacho kazi ya kuua kulungu inadai.

Hapa inaingia imani ndogo, pacha wa ile kubwa, nayo inawanasa hata wazazi wenye huruma: kwamba mtoto mwepesi apewe bunduki nyepesi. Dukani utaonyeshwa bunduki fupi ya risasi moja moja, imepunguzwa kila mahali, haina hata kilo 3, na muuzaji atasema hii imetengenezwa kwa ajili ya watoto. Ipunguze bunduki uzito kwa robo, kwa risasi ileile, na teke litaongezeka kwa theluthi. Shotigani ya geji 20, ambayo wengi huiona ya kike na ya kitoto, ikiwa nyepesi na ikipigwa risasi yake moja nzito ya kulungu badala ya marisau, huweza kupiga bega kwa ukali wa .30-06 na zaidi. Mtoto anahitaji bunduki yenye kitako kifupi, si bunduki isiyo na uzito. Begi linaweza kuibeba njiani, na kijiti cha kuegemea kitaishikilia wakati wa kulenga.

Kwenye kitako ndiko pesa iende. Bunduki nyingi za dukani zina kama sentimita 34 na nusu kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako, kipimo cha mwanamume wa kimo cha wastani aliyevaa shati. Mtoto mdogo anataka 31 au 32, na hupunguziwa zaidi akivaa koti la Novemba. Namna ya kujua ni rahisi. Hakikisha bunduki ni tupu, mtoto afumbe macho, aiweke begani anavyojisikia vizuri, kisha afumbue. Akiuona mduara wote wa darubini bila kuchezesha shingo, imemkaa. Akiona giza pembeni, au akijivuta mbele, au akiegemea nyuma kama anayebeba ndoo ya maji, haijamkaa, na usikubali kuambiwa kwamba atakua nayo. Siku hizi kuna vitako vinavyoongezwa vipande kadiri mtoto anavyorefuka. Huko ndiko kukua nayo.

Najua nitaulizwa kama risasi ndogo zinaaminika. Wasweden na Wanorwe wana risasi yao ya milimita 6.5, iliyotokana na bunduki za majeshi yao ya miaka ya 1890, na kwa zaidi ya karne moja wameangusha nayo kulungu mkubwa kuliko wote duniani, mnyama ambaye dume lake hupita kilo 400. Risasi hiyo haimtishi mtu begani. Wao walijifunza mapema kwamba risasi ndefu, nyembamba na iliyoundwa vizuri huingia ndani kabisa, na kinachobaki ni kuiweka mahali pake.

Na kwetu Afrika Mashariki ushahidi upo. Yule Mskoti W. D. M. Bell, aliyepewa jina la Karamojo kwa ajili ya Karamoja ya Uganda, aliua tembo zaidi ya 1,000 mwanzoni mwa karne iliyopita, na wengi wao aliwapiga kwa .275 Rigby, ambayo ni 7x57 ya Mauser kwa jina la Kiingereza. Simsifu kwa meno yale aliyoyabeba; yalikuwa hasara yetu. Ninachokisema ni kwamba alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo unakaa wapi ukitazamwa kutoka kila upande, na wakati wenzake wakibishana juu ya ukubwa wa mitutu, yeye alikuwa anasoma mnyama. Mwindaji Jim Corbett, aliyemalizia maisha yake Nyeri na kufia huko mwaka 1955, alizawadiwa .275 ya namna hiyo baada ya kumuua chui milia jike wa Champawat, India, mwaka 1907.

Asije mtu akanisoma vibaya. Kwa tembo, nyati na simba, kanuni za uwindaji katika nchi nyingi za Afrika hudai bunduki isiyopungua .375, na ni sawa kabisa, maana mnyama aliyejeruhiwa hapo humrudia mtu. Baba yangu alikuwa askari wa wanyamapori na alibeba .458 akifukuza tembo kwenye mashamba ya watu. Alikuwa mtu mzima, alilipwa kwa kazi ile, na alikuwa akituambia kwamba kijana aliyeanzishiwa bunduki ile bila kupitia ndogo aliharibika mkono. Hakusema amekomaa. Alisema ameharibika.

Sikio nalo lisisahaulike. Mlio wa bunduki ya kuwindia hufika kwenye desibeli 160 hivi, na usikivu huanza kuharibika papo hapo mlio ukipita 140. Wapo wanaofunga kifaa cha matundu kwenye mdomo wa mtutu ili kupunguza teke, na kweli hupunguza, lakini huongeza mlio masikioni mwa mpigaji na wa pembeni yake. Nusu ya hofu ya mtoto ni kelele. Avae vizibo vya ndani na vile vikubwa vya juu, vyote viwili, kila anapofyatua uwanjani.

Shemeji aliirudisha ile bunduki dukani na akapoteza dola kadhaa. Novemba ile binti hakwenda porini, na alilia. Baba yake alisimama mlangoni na mavazi yake ya chungwa mwilini, hajui amwambie nini. Sikumlaumu mbele ya mtoto, lakini nayaandika haya ili mzazi mwingine asisimame pale. Majira yote ya baridi tulimpa .22, ile ambayo risasi yake ina gramu 2 na nusu na haimsukumi hata paka, kwenye uwanja wa ndani, kila Jumamosi, masanduku kwa masanduku. Kile alichojifunza kwa risasi sita za Septemba kilichukua miezi mitano kukifuta. Aprili ndipo baba yake alipoleta 7mm-08 yenye kitako kifupi, na tukaanza na risasi zilizopunguzwa baruti, tatu tatu, halafu soda, halafu nyumbani.

Wiki iliyopita nilifanya tena ule mchezo. Nikaijaza mbele yake risasi mbili, na ya tatu nikafunga chemba tupu. Alipiga ya kwanza, akapiga ya pili, akavuta pumzi na kuitoa nusu. Shemeji alikuwa ameinama pembeni, macho kwenye ncha ya mtutu. Kikalia tiki. Mtutu haukusogea.